Zamu ya Mwalimu

Mtu aliyekaa miaka thelathini na moja katika chumba cha mitambo ya televisheni hawezi kustaafu kama watu wengine. Wengine wakistaafu hufuga, hupanda mchicha, au hukaa mlangoni kuhesabu wapita njia na kuwasema. Fundi Mawimbi, maana ndivyo walivyomwita kazini na jina likamfuata mpaka nyumbani, alistaafu Ijumaa. Jumatatu asubuhi alikuwa ameshafungua kifuniko cha kompyuta kuukuu ya sebuleni na kupachika ndani yake kadi ya kupokea televisheni. Mkewe alimtazama kutoka kwenye kochi, akatikisa kichwa, akaendelea kufuma kitambaa chake.

Mkewe alikuwa amefundisha shule ya msingi maisha yake yote, na mtaa mzima ulimwita Mwalimu, mumewe akiwemo. Miaka mitatu nyuma homa kali ilimlaza kitandani wiki mbili. Alipoinuka, homa ilikuwa imeondoka na masikio yake. Hakupiga kelele, hakulia mbele za watu. Alijifunza kusoma midomo, akanunua daftari la kuandikiana na wageni wenye ndevu nyingi, na nyumba ikaendelea kwenda.

Kilichokuwa kikimchoma ni kitu kimoja tu. Watu walikuwa wakicheka sebuleni, naye akiuliza, "Wanasemaje?" anaambiwa, "Hakuna kitu." Watu wazima wanane wamejishika mbavu, mmoja anafuta machozi, halafu hakuna kitu! Au anaambiwa, "Nitakueleza baadaye," na hiyo baadaye ikifika, kicheko kimeshapoa, anapewa mkia wa habari wakati kichwa kimeliwa na wenzake.

Ndiyo sababu ya ile kadi, ingawa Fundi Mawimbi hakuwahi kulisema hilo kwa mdomo. Picha ya televisheni, kwa wale ambao hawajapata kukaa na Fundi Mawimbi akiwa na kikombe cha chai mkononi na jioni nzima mbele yake, ina mistari michache juu kabisa ambayo jicho haliioni. Ndani ya mistari hiyo kituo hupenyeza mambo yake: maandishi ya maneno yanayosemwa, saa sahihi, ratiba ya vipindi. Yanapita kimyakimya kila siku juu ya vichwa vya watu, na wengi wanakufa bila kujua.

Sasa, kadi ile ilikuwa na roho ya mtoto wa pekee. Programu ya kwanza kuishika haikumwachia mwenzake. Ukifungua maandishi ya Mwalimu, saa inagoma. Ukiwasha kinasa vipindi, maandishi yanazimika. Fundi alihangaika nayo mwezi mzima, kisha akaandika programu ndogo ya kukaa katikati, akaiita Mpakuzi. Mpakuzi hakuwa na dirisha, hakuwa na kitufe, hakuwa na sura. Ukiwasha kompyuta anaamka, anakaa huko nyuma, anachota ile mistari kwenye kadi mara moja tu, na kumpakulia kila mwenye sahani. Mwalimu anapata maandishi yake, herufi nyeupe kubwa kama viberiti. Saa inapata dakika zake, ratiba inapata vipindi vyake, kinasa kinapata chake. Chungu kimoja, na hakuna anayelala njaa.

Fundi alimpenda Mpakuzi kupita kiasi. Kila mgeni alisimuliwa. Kinyozi, ambaye duka lake na sebule yao viligawana ukuta mmoja, alisimuliwa mara tatu, na mara ya tatu akamwuliza kwa upole kama alikuwa amekuja kunyoa.

Kwa chakula, basi, hapakuwa na ugomvi. Ugomvi ulikuwa wa kituo. Kadi moja husikiliza kituo kimoja tu kwa wakati mmoja, na kama huyu anataka kituo hiki na yule anataka kile, lazima mmoja ampishe mwenzake. Kwa hiyo Fundi alimwandikia Mpakuzi faili la zamu, mistari minne tu, inayosema nani anamtangulia nani. Aliliandika siku moja, akalisahau.

Aliliandika baada ya ugomvi na shemeji yake. Huyu alikuwa mdogo wake Mwalimu, fundi majokofu, mtu mwenye mwili mdogo na sauti ya kuitia watu ng'ambo ya mto. Kila Jumatano saa kumi na moja jioni kulikuwa na mashindano ya drafti kwenye kituo cha pili, naye akiwa kazini hawezi kutazama. Fundi alimnasia, na Alhamisi shemeji alikuja na karanga zake kutazama. Mara mbili kipindi kilikatika katikati. Mara ya pili ilikuwa nusu fainali.

"Shemeji, umeniua!" alipiga kelele mpaka kinyozi akagonga ukuta. "Umeniua mchana kweupe! Mtu kabakiwa na kete mbili, nasubiri nione, unaniletea tangazo la sabuni!"

"Kompyuta imebadili kituo, shemeji. Si mimi."

"Kompyuta ni ya nani? Ni yangu?"

Usiku ule Fundi aliandika faili la zamu ili apate amani, na kinasa cha shemeji kikakaa juu kabisa. Zaidi ya hapo, alikiunganisha kinasa na ratiba: kipindi kikisogezwa mbele au nyuma, ratiba inasoma habari hiyo kwenye mistari na kukiamsha kinasa chenyewe. Shemeji akatulia. Mpakuzi akafanya kazi miezi saba bila mtu kumgusa.

Kisha, Jumapili moja, simu ya Mwalimu ilitetemeka. Binti yao, daktari wa mifugo katika mji wa mbali, mtoto wao wa pekee, alikuwa ameandika kwamba Jumatano ataulizwa maswali kwenye kipindi cha wafugaji, mubashara, kuhusu kikohozi cha kuku. Kipindi kile hakikuwa na marudio.

Mwalimu alisoma ujumbe mara nne. Binti alikuwa amepata udaktari wake baada ya ile homa, na mama mtu hakuwa amemsikia hata mara moja akizungumza kama daktari. Habari zake zote alizipata kwa ujumbe mfupi, au kwa kusimuliwa.

"Nitakunasia," alisema Fundi, akimgeukia ili aone midomo yake. "Uwe nacho milele."

"Sitaki kunasiwa," alisema Mwalimu. Sauti yake ilikuwa bado ya darasani. "Na sitaki unisimulie. Nimechoka kusimuliwa. Nataka neno likitoka mdomoni mwake nilipate saa hiyohiyo. Kinyozi akilipata, na mimi nilipate. Unaweza?"

"Mwalimu, hilo limekwisha."

Na kweli alijituma. Jumatatu alipanda juu ya bati kukaza antena, akashuka na goti limechubuka. Jumanne alibadili waya, akafuta vumbi nyuma ya kompyuta, akajaribu maandishi asubuhi, mchana na jioni. Faili la zamu hakulifungua. Alifungue la nini? Kipindi cha wafugaji kilikuwa saa tisa na nusu mpaka saa kumi na robo, na drafti ilikuwa saa kumi na moja. Hapo hata mtoto wa darasa la pili angesema hakuna mgongano.

Jumatano saa tisa Mwalimu alikuwa ameshaoga, amevaa gauni la sherehe, ameketi mbele ya kompyuta kama anayesubiri kupigwa picha. Upande wa pili wa ukuta kinyozi alikuwa amefungulia televisheni yake mpaka mwisho, na wateja, walionyolewa na ambao hawajanyolewa, wamejaa kwenye benchi kumsubiri mtoto wa jirani.

Kipindi kilianza na muuza vyakula vya mifugo aliyejipenda sana. Aliongea dakika kumi na tano bila kumeza mate. Mwalimu alisoma kila neno lake, akasema, "Huyu hakufundishwa nukta." Yakaja matangazo. Hatimaye, saa kumi kasoro dakika tano, alitokea binti, koti jeupe, nywele zimebanwa nyuma, macho yamemtoka kidogo kwa woga. Mtangazaji alimkaribisha kwa maneno mengi, akauliza swali la kwanza. Chini ya picha zikaja zile herufi kubwa:

KWA KWELI, KUKU HAKOHOI BURE.

Mwalimu alijishika mdomo. "Kwa kweli! Bado anasema kwa kweli! Miaka ishirini namkataza!" Akacheka peke yake, mabega yakitetemeka, na Fundi aliyesimama nyuma yake akajiona mfalme. Alisema kimoyomoyo, Mpakuzi, mwanangu, umenitoa kimasomaso.

Hapo saa ikagonga kumi kamili.

Picha ikaruka. Koti jeupe likatoweka. Badala yake ikaja meza, ubao wa drafti, na wanaume wawili walioinamisha vichwa. Herufi kubwa zikaandika:

WACHEZAJI WANAFIKIRI.

Mwalimu alisubiri kidogo. Kisha akageuka. "Kuku wanacheza drafti?"

Fundi alielewa palepale. Drafti ya siku ile, fainali ya msimu mpya, ilikuwa imewahishwa kwa saa nzima. Ratiba ilikuwa imesoma habari hiyo asubuhi kwenye mistari ya kituo cha pili, saa ilipofika ikakiamsha kinasa, kinasa kikamwomba Mpakuzi kituo cha pili, Mpakuzi akatazama faili la zamu na kutii. Hakuna kilichoharibika. Kila kitu kilikuwa kimefanya kazi sawasawa kama alivyokiagiza. Mchimba kisima alikuwa amekiingia mwenyewe.

Na lililo baya zaidi lilipita ukutani. Huko kwa kinyozi binti aliendelea kusema, sauti yake wazi kabisa, tamu, imeanza kuzoea, na wateja wakaangua kicheko kwa jambo fulani alilosema. Baba mtu alisikia kila neno. Mama mtu alikuwa ameketi hatua moja kutoka kwenye ukuta uleule, akisoma WACHEZAJI BADO WANAFIKIRI.

"Anasema, anasema chombo cha maji..." Fundi alianza kwa midomo mikubwa.

"Usiniambie!" Mwalimu alimkata. Uso wake ulikuwa umebadilika. "Nilikwambia sitaki kuambiwa. Tengeneza!"

Alijitupa kwenye kibodi. Akamzima Mpakuzi. Skrini ikawa nyeusi, akashusha pumzi, na baada ya sekunde kumi wale wanaume wawili wakarudi na ubao wao. Akamzima tena. Sekunde kumi, wakarudi. Alikuwa amesahau kwamba yeye mwenyewe, kwa kumpenda Mpakuzi, alimwekea mlinzi wa kumwinua kila anapoanguka, ili asife hata umeme ukiyumba. Akamzima mara ya tatu, huku akimtukana kwa jina. Mpakuzi akafufuka mara ya tatu, akashika faili lake la zamu, akampa shemeji kituo chake.

Upande wa pili wa ukuta mtangazaji alisema, "Daktari, tunaelekea mwisho."

Fundi aliondoa mikono kwenye kibodi. Haraka haraka haina baraka. Alikuwa akiwaambia vijana wa chumba cha mitambo hivyo miaka thelathini, na sasa alijisikia aibu. Kwanza zamu, ndipo umzime. Afe kwa zamu ya zamani, afufuke kwa zamu mpya. Akalifungua faili.

Mistari minne. Ya kwanza, kinasa. Ya pili, ratiba. Ya tatu, saa. Ya nne, mwisho kabisa, maandishi ya Mwalimu.

Aliitazama labda kwa sekunde mbili, lakini zilikuwa sekunde ndefu. Kisha akaung'oa mstari wa nne, akaupandisha juu, akahifadhi, akamzima Mpakuzi, akaanza kuhesabu. Moja. Mbili. Kwa kinyozi watu walikuwa wamenyamaza kumsikiliza daktari. Saba. Nane. Mwalimu alikuwa ameshika kitambaa chake kwa mikono yote miwili.

Koti jeupe likarudi.

KWA KWELI MAMA, UKIMWONA KUKU ANAPUMUA MDOMO WAZI, MTENGE NA WENZAKE KWANZA, NDIPO UNIPIGIE.

Mfugaji wa kike alikuwa amepiga simu kuuliza, na binti alimjibu taratibu, bila kujionyesha, akimwuliza naye: maji yakoje, banda lina hewa, wameanza lini. Dakika nne zilizobaki zilikuwa hizo tu, kuku wa mama mmoja asiyejulikana. Mwalimu alizisoma akisogeza midomo. Kila KWA KWELI ilipopita alinyoosha kidole kimoja. Mwisho akawa na vidole tisa juu, na machozi yakimtiririka hadi kidevuni, na alikuwa anacheka.

"Nimeisikia sauti yake," alisema. "Sikuisoma. Nimeisikia. Mtu hawezi kuandika 'kwa kweli' kijinga namna ile, lazima iwe sauti."

Kinyozi aligonga ukuta kwa furaha, wateja wakapiga makofi. Fundi alimweleza Mwalimu kinachosikika huko, naye Mwalimu akagonga ukuta kujibu.

Angeweza kuishia hapo. Mke ana furaha, mtoto ameng'ara. Kusema ni mtambo tu ulileta ukorofi kungetosha, na nani angejua? Lakini faili lilikuwa bado wazi kwenye skrini, na Fundi Mawimbi, pamoja na maringo yake yote, hakuwa mwongo. Alivuta kiti, akakaa mbele yake ili midomo ionekane.

"Kosa ni langu," alisema. "Nilipanga zamu. Wewe nilikuweka wa nne."

"Kati ya wangapi?"

"Wanne."

Mwalimu aligeukia skrini, akavaa miwani. "Kabla hujanipandisha, wa kwanza alikuwa nani? Kinasa. Ndiye ndugu yangu na kete zake?"

"Ndiyo."

"Halafu ratiba. Halafu saa." Alishusha miwani. "Hata saa imenitangulia? Ukutani ipo saa, mkononi unayo saa, kwenye simu ipo saa, na bado saa imenitangulia?"

"Hukuwahi kulalamika," alisema Fundi, na alipolisikia likitoka alijua halikuwa jibu. "Shemeji alipiga kelele. Wewe maandishi yakikatika ulikuwa unachukua kitambaa chako unafuma. Nikadhani una subira."

"Nilikuwa na hasira."

"Sikujua."

"Nilifuma vitambaa kumi na vinne. Ulidhani ni vya nini?"

Fundi alitazama sebule. Kulikuwa na kitambaa juu ya kila kochi, juu ya redio, juu ya kompyuta yenyewe, kimoja hata juu ya ndoo. Alikuwa akivisifia mbele ya wageni.

"Basi leo nalalamika," alisema Mwalimu. Aliweka mikono magotini kama anayeanza kipindi. "Kaa vizuri. Moja: unaniongelesha ukiwa umenipa mgongo, halafu unasema nimesahau ulichoniambia. Mbili: wageni wakija unawajibia maswali yangu. Wananiuliza mimi kama nimelala vizuri, unasema amelala vizuri. Umelala wewe? Tatu: ndugu yangu aje na karanga zake, lakini maganda ayaokote. Nne: hakuna kitu. Usiniambie tena hakuna kitu. Watu wakicheka kipo."

"Sawa."

"Usiseme sawa, sijamaliza."

Kimya kingi kina mshindo mkuu, na huu ulikuwa wa miaka mitatu. Alikwenda kwa namba mpaka ya kumi na moja, mengine makubwa na mengine ya ukubwa wa kijiko, na ya tisa ilihusu jinsi anavyokata mkate. Fundi alisikiliza yote. Mara mbili alifungua mdomo kujitetea, na mara mbili Mwalimu alimwonyesha kidole. Cha ajabu, kadiri alivyozidi kulalamika ndivyo uso wake ulivyozidi kung'aa, na mumewe naye, aliyekuwa akipigwa mishale, alijikuta ana raha ambayo hakuwa nayo kwa muda mrefu. Mke wake alikuwa sebuleni, mzima, akimsema.

Kwenye ya kumi na mbili alisita.

"Kumi na mbili," alisema, polepole zaidi. "Masikio yalipoondoka, ulileta waya. Ukaleta kadi. Ukapanda bati. Hukukaa chini hata mara moja ukaniuliza kama nilisikitika."

Fundi Mawimbi hakuwa na waya wa hapo. Alisogeza kiti mpaka magoti yao yakagusana, akahakikisha mwanga wa dirisha unamwangukia usoni, na akasema taratibu, kila neno peke yake, "Mwalimu. Ulisikitika?"

"Sana," alisema Mwalimu. "Sana, mume wangu."

Akamsimulia.